Faiba Imepita Barabarani: Je, Imefika Kwako?

Wakulima wengi wa skimu za Kieni, na wengine wa upande wa Nanyuki na Karatina, hufika ofisini kwetu na swali moja. Watu wa makampuni ya simu wamepita, wametazama nguzo, wamegawa makaratasi yenye picha nzuri, na wamesema kwamba waya wa faiba unakuja, intaneti itakuwa ya kasi kuliko zamani, na bei itakuwa nafuu. Basi mkulima huuliza: "Niamini? Nitoe pesa sasa, au ningoje?" Ofisi ya kilimo si ofisi ya simu. Lakini swali hili lahusu pesa za mkulima, na mara nyingine lahusu pesa za chama cha ushirika, ambazo ni jasho la watu mia kadhaa. Kwa hiyo yafaa tulieleze taratibu.

Wako watu wanaosema kwamba mkulima mwenye mashaka anapinga maendeleo. Sivyo. Mtu aliyekaa miaka mingi akingojea simu ya waya ana haki ya kuuliza maswali. Katika mwaka 1999, Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa na Telkom Kenya ikaanzishwa, nchi nzima ilikuwa na nyaya za simu kama 300,000 tu. Watu walikuwa wakiandika maombi na kungoja miaka. Kisha zikaja simu za mkononi, na waliokuwa wakingoja waya wakapata simu bila waya. Baadaye wezi wa shaba walikata nyaya zilizokuwako, nguzo zikabaki zimesimama mitupu. Mashaka ya namna hiyo yana mizizi. Kazi iliyobaki ni kuyageuza yawe maswali mazuri.

FAIBA NI NINI

Faiba ni uzi wa kioo safi sana, mwembamba karibu kama unywele wa mtu. Ndani yake haupiti umeme, hupita mwanga. Mimi nilifundishwa ualimu kabla ya kuwa karani, na darasani ningelieleza hivi: mulika tochi katika bomba refu linalong'aa ndani, mwanga utagonga huku na huku mpaka utokee upande wa pili, hata kama bomba limepinda kidogo. Mwaka 1966 mtaalamu Charles Kao, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha mwanga unaweza kwenda mbali ndani yake. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Waya wa zamani wa shaba hupeleka umeme, na kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu ndivyo intaneti yake inavyopungua. Baada ya kilomita chache hakuna kitu cha maana kinachofika. Kioo hakina taabu hiyo. Mwanga huenda makumi ya kilomita bila kuongezewa nguvu. Basi wakikwambia kwamba faiba ni bora kuliko shaba, wanasema kweli, wala usipoteze wakati kubishana nao juu ya hilo.

Nchi yetu yenyewe imeona faida yake. Mpaka mwaka 2009 intaneti ya Kenya kwenda ng'ambo ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mwezi wa Julai mwaka huo mkonga wa SEACOM, uliopita baharini mpaka Mombasa, ulianza kazi, na mkonga wa TEAMS ukafika mwaka huo huo. Serikali nayo ilikuwa inachimbia waya wa faiba wa taifa nchi kavu, ule unaoitwa NOFBI, ili kuunganisha miji ya wilaya, na baadaye makao ya kaunti zote 47. Nyeri imo katika hesabu hiyo.

Sasa mkulima wa Mweiga atauliza: kama faiba iko Nyeri tangu miaka hiyo, mbona mimi sina?

KUPITA NA KUFIKA

Jibu lake unalijua tayari, kwa sababu unajua mradi wa maji. Bomba kubwa latoka kwenye chanzo mlimani, lashuka kilomita nyingi, lapita mbele ya lango lako. Unalisikia likivuma chini ya ardhi, na ng'ombe wako bado wanakwenda mtoni. Bomba kubwa ni jambo moja, na mfereji wa kuingia kwako ni jambo jingine. Faiba ya taifa, na ile inayofuata barabara kuu, ni bomba kubwa. Haikuwekwa ili kuwasha nyumba moja moja. Ili ifike kwako ni lazima pawe na waya mdogo wa kutoka kwenye kituo cha karibu, kisha kisanduku cha kugawia, ambapo uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, kisha waya wa mwisho wa kuingia nyumbani, kisha kisanduku cha ndani kinachotumia stima. Kikikosekana kimoja tu, hakuna intaneti, hata kama waya unapita juu ya kichwa chako.

Neno "kupita" limeleta mashtaka hata katika miji mikubwa ya dunia. Mwaka 2008 mji wa New York, Marekani, ulifanya mapatano na kampuni ya simu ya Verizon. Kampuni ilikubali kwamba kufika katikati ya mwaka 2014 faiba yake itakuwa imepita nyumba zote za mji. Mwaka 2015 wakaguzi wa mji walisema kazi haikutimizwa, na kwamba watu walioomba waya walikuwa wakiambiwa wangoje. Kampuni ikajibu kwamba waya umepita. Kwa maana gani? Kwa maana ya kwamba uko mtaani, karibu na nyumba. Mji ukasema kwamba kupita ni kuwa mbele ya jengo, tayari kuingizwa ndani. Mwaka 2017 mji ulikwenda kortini. Mapatano mapya yakafanywa mwaka 2020, na kampuni ikakubali kufikisha waya kwa nyumba nyingine 500,000 kufikia mwaka 2023. Huo ni mji wenye mawakili wengi, na neno moja liliwasumbua miaka kadhaa.

Katika jimbo la New Jersey, jirani na New York, ahadi ilikuwa ya zamani zaidi. Mwaka 1993 kampuni ya simu ya huko iliruhusiwa kubadilishiwa masharti ya bei, nayo ikaahidi nyaya za kasi kubwa kwa jimbo zima kufikia mwaka 2010. Mwaka 2014 wasimamizi wa Serikali ya jimbo walikubali kwamba intaneti ya hewani nayo ihesabiwe kuwa imetimiza ahadi. Mtu aliyengojea waya akaambiwa kwamba mnara wa simu unatosha.

Na Uingereza wamebishania jina lenyewe. Huko faiba ilifikishwa mpaka sanduku la kijani lililo mtaani, na kutoka hapo mpaka nyumbani ikabaki shaba ile ile ya zamani. Lakini matangazo yaliita hiyo "faiba". Kampuni nyingine, iliyokuwa ikipeleka kioo mpaka ndani ya nyumba, ilikwenda kortini kulipinga jambo hilo, na mwaka 2019 ikashindwa. Neno faiba likaendelea kutumiwa kwa vitu viwili tofauti.

Nimeyaleta haya ya ng'ambo kwa sababu wakulima wengine hufikiri kwamba ni sisi tu wa mashamba tunaochezewa. Si sisi tu. Na kwetu pia mifano iko.

BALUNI NA MAWINGU

Mwezi wa Julai 2020 Telkom Kenya pamoja na kampuni ya Loon, iliyokuwa ya wenye Google, walianza kutoa intaneti kwa baluni. Baluni kama 35 zilielea juu sana, kilomita 20 hivi kutoka ardhini, na zilikusudiwa kuhudumia eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 katika sehemu za magharibi na kati za nchi. Jambo hilo lilitangazwa duniani kote. Mwezi wa Januari 2021 wenyewe wakasema kwamba biashara hiyo haiwezi kujilipa, na tarehe 1 Machi 2021 kazi ikakoma hapa Kenya. Ilidumu miezi isiyotimia minane. Baluni zilifanya kazi kweli, lakini hesabu ya pesa haikufanya kazi. Basi anapokuja mtu na chombo kipya, usiulize tu kama kinawaka. Uliza nani analipa gharama zake mwaka wa tatu.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi, nao una sura tofauti. Mwaka 2013 kampuni ya Microsoft pamoja na wenzake, kwa kushirikiana na Wizara ya Habari, walianza majaribio karibu na Nanyuki. Walitumia masafa ya televisheni yaliyokuwa hayatumiki, na vituo vyao vilikuwa vya nguvu ya jua. Kazi hiyo iliitwa Mawingu. Ilianza na shule na zahanati chache, Shule ya Sekondari ya Gakawa ikiwa moja yao, na haikuahidi nchi nzima. Baadaye ikawa kampuni kamili iliyoanzia Nanyuki. Hapa hapakuwa na waya wa kioo mpaka mlangoni, bali watu walipata intaneti. Kwa hiyo usidharau cha hewani kwa sababu ni cha hewani. Kibaya ni kuuziwa cha hewani kwa jina la waya, kwa bei ya waya.

Serikali yenyewe, mwaka 2022, ilitangaza nia ya kuweka kilomita 100,000 za faiba katika miaka mitano, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, na kituo kimoja cha kidijitali katika kila wadi, yaani 1,450. Hili ni gazeti la Serikali, na mwandishi ni karani wa Serikali, lakini nasema wazi kwamba ahadi hiyo nayo ipimwe kwa kipimo kile kile: je, imefika wadi yetu, imewaka, na watu wanaitumia? Kama kituo cha wadi yenu hakijulikani kiliko, mwulizeni Chifu au mjumbe wenu wa kaunti, barazani, mbele ya watu.

KWA NINI SKIMU HUWA ZA MWISHO

Wakulima hufikiri kwamba makampuni yanawachukia. Hayawachukii. Yanapiga hesabu, na yafaa nawe uijue hesabu hiyo.

Tuseme shamba la skimu ni ekari 5, na upande unaogusa barabara ni mita 100. Katika kilomita moja ya barabara patakuwa na mashamba 10 upande huu na 10 upande ule, jumla 20. Tuseme nusu yao watataka faiba. Hao ni wateja 10. Kila mmoja akilipa shilingi 3,000 kwa mwezi, kampuni inapata shilingi 30,000 kwa kilomita nzima ya waya. Sasa tazama jengo moja la kupanga mjini Nyeri lenye vyumba 40. Nusu yao wakijiunga ni wateja 20, shilingi 60,000, kwa waya wa mita chache tu. Tena kwa waya wa mashambani kampuni italipia nguzo, au itakodi nafasi kwenye nguzo za Kenya Power, itaomba ruhusa ya wenye barabara na ya kaunti, na itamtuma fundi kilomita nyingi kila mti unapoangukia waya.

Hesabu hiyo ndiyo sababu ya mtu wa makaratasi kusema "inakuja" bila kutaja tarehe. Mara nyingi anapima ni wangapi watakubali. Si vibaya kupima. Vibaya ni kupima kwa pesa zako.

Lakini hesabu hiyo hiyo yaweza kuwasaidia. Wateja 10 waliotawanyika ni wachache, bali chama cha maziwa, shule mbili, zahanati, duka la dawa za mifugo na nyumba 30 zilizoandika majina pamoja ni jambo jingine. Kamati ya skimu ikipeleka orodha ya namna hiyo kwa makampuni mawili au matatu, hapo kampuni ndiyo itakayokuwa inajibu maswali yenu. Tena liko Shirika la Mawasiliano la Kenya, yaani Communications Authority, lenye Mfuko wa Huduma kwa Wote. Makampuni ya mawasiliano hulipa nusu ya asilimia moja ya mapato yao ya mwaka katika mfuko huo, na kazi yake ni kupeleka mawasiliano mahali ambapo biashara peke yake haitafika. Shule na kamati zinaweza kuandika barua kwa shirika hilo na kueleza hali yao.

KABLA HUJATOA PESA

Nitasema ninavyoona mimi. Nyumba yenye watu wawili watatu na simu zao za mkononi haina haja ya kukimbilia faiba. M-Pesa inafanya kazi bila hiyo. Ujumbe wa mbolea ya ruzuku huja kwa SMS. Bei za soko huulizwa kwa simu. Nyumba yenye mwanafunzi wa chuo anayesoma akiwa nyumbani, au mtu mwenye kazi ya kompyuta, ni tofauti. Na ofisi ya ushirika, ambayo sasa hutakiwa kupeleka ankara za kodi kwa njia ya mtandao wa KRA na kulipa wanachama kwa simu, hiyo kweli yahitaji njia ya kuaminika. Mara nyingi ni afadhali waya mmoja mzuri ufike kituo cha maziwa, watu wautumie hapo, kuliko nyumba 60 kuchanga kwa ajili ya waya usiojulikana utakuja lini.

Ukiamua kuendelea, soma karatasi ya kampuni kama unavyosoma mkataba wa shamba. Tafuta neno "hadi". "Kasi ya hadi megabiti 10" maana yake si megabiti 10; ni kwamba haitazidi 10. Megabiti pia si megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo picha ya megabaiti 5, kwa kasi kamili ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua sekunde 4. Ikiwa yachukua dakika nzima, hupati unacholipia. Uliza pia kama kuna kiasi ambacho ukikipita kasi hupunguzwa mpaka mwisho wa mwezi. Makampuni mengi yana sheria ya namna hiyo, nayo huandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa.

Usijaribu intaneti ya jirani saa nne asubuhi. Ijaribu saa mbili usiku, watoto wote wanapokuwa kwenye simu. Wenye mradi wa maji wanajua: kila mtu akifungua mfereji jioni, aliye mwisho wa laini hupata matone. Uliza stima ikipotea inakuwaje. Kisanduku cha nyumbani hakiwaki bila stima, na kile cha kugawia chaweza kuwa na kituo kinachotegemea stima nacho. Uliza fundi anakaa wapi. Fundi wa Naro Moru na fundi wa kutoka Nairobi si sawa, hata kama wana ujuzi mmoja. Na kama nguzo itasimama ndani ya shamba lako, ruhusa hiyo iandikwe, itaje ni nguzo ngapi na nani atalipa mimea ikiharibiwa.

Usikate ulicho nacho kabla kipya hakijawaka. Katika skimu moja ninayoijua, kamati ilirudisha vifaa vya intaneti ya hewani kwa sababu kampuni moja ilisema waya utawaka mwezi ujao. Waya ulikaa juu ya nguzo zaidi ya mwaka mmoja bila kuwashwa, na katibu wa chama akawa anapanda matatu kwenda mjini kupeleka hesabu.

Na kama kampuni yataka malipo ya kwanza, mapatano yasiseme "waya ukipita". Yaseme hivi: waya umeingia nyumbani, shamba namba fulani, kisanduku kimewekwa, intaneti imewaka na kasi imepimwa mbele ya mwenye shamba, kabla ya tarehe fulani, la sivyo pesa zitarudishwa zote katika siku fulani. Pawe na jina la kampuni na namba ya leseni yake ya Shirika la Mawasiliano. Mtu asiyetaka kuandika maneno hayo ameshajibu swali lako. Pesa zilipwe kwa namba ya kampuni, zisipewe mtu mkononi wala kutumwa kwa simu yake mwenyewe.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yasema kwamba mnunuzi ana haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, ya kupewa habari anazozihitaji, na ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya huduma. Haki hiyo yahusu makampuni na ofisi za umma pia. Ukiwa na malalamiko, yapeleke kwanza kwa kampuni yenyewe, kwa sababu Shirika la Mawasiliano litakuuliza kama umefanya hivyo. Kampuni isipojibu vizuri, andika kwa Shirika.

Barua yenyewe iandikwe nakala mbili, zenye tarehe. Taja namba yako ya mteja, siku ulipolipa, kiasi ulicholipa, na uliloahidiwa kwa maneno yale yale yaliyo kwenye karatasi. Nakala moja ibaki kampuni. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani uiweke pamoja na stakabadhi. Asiyeweza kuandika barua hiyo aje ofisini asubuhi na karatasi zake zote, na makarani watamsaidia kuiandika.